Flaggermus: kwa nini Wanorwei humwita popo "panya"?

Chukua neno moja tu la Kinorwei: flaggermus. Ukilitafuta kwenye kamusi utaambiwa ni popo, basi, mambo yameisha. Lakini kama umeshajifunza Kinorwei kidogo utasita. Flagg ni bendera. Mus ni panya mdogo, yule anayetafuna unga jikoni. Sasa popo amekuwaje "panya wa bendera"?

Jibu fupi: hajawa. Bendera haimo kabisa katika neno hili, ingawa jicho linaiona. Jibu refu ndilo tamu zaidi, kwa sababu linatupitisha kwa wafanyabiashara wa Bergen, kwa Wajerumani wa zamani, kwa Adolf Hitler (ndiyo, huyohuyo), na mwisho linatuacha na swali la kibiolojia: je, popo ana undugu wowote na panya? Twende taratibu.

Kwanza, neno lenyewe limejengwaje?

Kinorwei kinapenda sana kuunganisha maneno. Ukiwa na vitu viwili vinavyohusiana, unavigandisha pamoja na unapata neno moja, bila nafasi katikati na bila "-a" ya kuunganisha. Is ni barafu, bjørn ni dubu, kwa hiyo isbjørn ni dubu wa barafu, yule mweupe wa ncha ya kaskazini.

Umeona mpangilio? Umegeuzwa ukilinganisha na wa kwetu. Sisi tunaanza na kitu chenyewe, kisha tunakifafanua: dubu wa barafu, mbwa mwitu, nguruwe pori. Mnorwei anaanza na maelezo, kitu chenyewe kinakuja mwisho. Kwa hiyo kila ukikutana na neno refu la Kinorwei, ruka hadi mwisho kwanza. Hapo ndipo pana "kichwa" cha neno, na kichwa hicho ndicho kinachoamua sarufi yote. Mus kwa wingi hubaki mus, na flaggermus kwa wingi hubaki flaggermus. "Wale panya" ni musene, na "wale popo" ni flaggermusene. Kisarufi, basi, popo wa Norwei ni aina ya panya, hakuna ubishi.

Na kuandika pamoja si urembo. Lammelår, likiandikwa pamoja, ni paja la mwanakondoo, chakula cha heshima kabisa. Likiandikwa mbalimbali, lamme lår, linakuwa "mapaja yaliyopooza". Wanorwei hutaniana sana kuhusu makosa ya namna hii. Nasi tukifanya kosa hilohilo kwenye neno letu tutapata flagg er mus, yaani sentensi kamili inayosema "bendera ni panya".

Utani huo una funzo ndani yake. Ukishatoa flagg mwanzoni na mus mwishoni, kuna -er imebaki inaelea katikati haina mwenyewe. Katika etimolojia, yaani elimu ya asili ya maneno, kipande kinachobaki bila kazi ni dalili kwamba umekata neno mahali pasipofaa. Fundi nguo akimaliza kushona shati halafu akaona mkono mmoja umebaki mezani, hawezi kusema kazi imekwisha.

Pili, tuwaulize ndugu zake

Njia ya uhakika ya kujua neno limetoka wapi ni kulilinganisha na maneno ya lugha ndugu. Kinorwei kiko katika familia ya lugha za Kijerumaniki, pamoja na Kidenmark, Kiswidi, Kiaislandi, Kijerumani, Kiholanzi na Kiingereza. Tuone hawa wanamwitaje popo:

- Kidenmark: flagermus
- Kiswidi: fladdermus
- Kijerumani: Fledermaus
- Kiholanzi: vleermuis

Sehemu ya mwisho ni ileile kwa wote: mus, Maus, muis. Huyo panya ni mkongwe kupita kiasi. Kilatini kilimwita mus, Kigiriki cha kale mys, Kisanskriti mūṣ. Maana yake ni kwamba neno hili lilikuwepo kabla lugha za Ulaya na za kaskazini mwa India hazijaachana, maelfu ya miaka iliyopita. Hata neno musuli, ambalo wengi tunalijua kutoka darasa la biolojia, asili yake ya mbali ni Kilatini musculus, "panya mdogo". Inaelekea mtu alikunja mkono, akaona kitu kinakimbia chini ya ngozi.

Tatizo liko sehemu ya kwanza. Kinorwei na Kidenmark wana flag(g)er-, Kiswidi kina fladder-, Kijerumani kina Fleder-. Zinafanana lakini hazilingani. Angalia sasa vitenzi. Kwa Kiswidi, fladdra ni kupepea, kupigapiga mabawa. Kwa Kijerumani kulikuwa na kitenzi cha zamani chenye maana hiyohiyo, na jina fledarmus tayari lilikuwa likitumika katika Kijerumani cha kale, takriban miaka 1000 iliyopita. Na kwa Kinorwei na Kidenmark, kitenzi cha kupepea ni flagre.

Hapo ndipo fumbo linafunguka. Si flagg + er + mus. Ni "flagre" + mus: panya anayepepea. Ile -er iliyokuwa ikielea imepata mwenyewe, ni sehemu ya kitenzi. Hata Waingereza wa kale walikuwa na mtindo huohuo: moja ya majina yao ya popo lilikuwa hreremus, ambalo sehemu yake ya kwanza inatokana na kitenzi cha kutikisika na kujongea. Kitenzi cha mwendo, halafu panya.

Na usidhani ni jambo la ajabu kumwita mnyama kwa namna anavyopiga mabawa. Kipepeo je? Tumemtoa kwenye kupepea. Tofauti ni kwamba sisi tumetumia ki- ya mwanzo na -o ya mwisho, wao wakatumia panya.

Tatu, neno lilifikaje Norwei?

Swali linalofuata: kwa nini Kijerumani kina d (Fleder-) na Kinorwei kina g (flagger-)? Kama neno lilirithiwa na wote kutoka kwa babu mmoja, sauti zingetofautiana kwa utaratibu unaojulikana. Hapa utaratibu haupo. Hiyo ni dalili ya neno la kukopa.

Kuanzia karne ya 13 wafanyabiashara wa miji ya kaskazini mwa Ujerumani, katika umoja ulioitwa Hansa, walitawala biashara ya Bahari ya Kaskazini na Baltiki. Mjini Bergen, magharibi mwa Norwei, walikuwa na kituo kikubwa tangu miaka ya 1360 hivi, wakinunua samaki mkavu na kuuza nafaka. Mtaa wao, Bryggen, bado upo na nyumba zake za mbao, na tangu mwaka 1979 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Watu hawa walizungumza Kijerumani cha Chini, lugha ya pwani za kaskazini, na waliacha maneno mengi mno katika lugha za Skandinavia. Msomaji wa Kiswahili haihitaji maelezo marefu hapa. Jahazi likileta bidhaa, huleta na maneno.

Kwa Kijerumani cha Chini, popo alikuwa vledermus (v ikisomeka f). Wadenmark wakalipokea. Lakini vleder- haikuwaambia kitu masikioni. Walichokuwa nacho ni kitenzi chao, flagre, chenye sauti ya karibu na maana ileile. Basi wakalirekebisha neno geni liendane na kitenzi cha nyumbani, likawa flagermus. Norwei nayo ilikuwa chini ya ufalme mmoja na Denmark hadi mwaka 1814, na kwa karne nyingi Kidenmark ndicho kilichokuwa lugha ya maandishi huko. Bokmål, mtindo wa kuandika unaotumiwa na Wanorwei wengi leo, umekua kutokana na Kidenmark hicho. Flaggermus likaingia kwa mlango huo.

Wanaisimu wana jina la jambo hili: etimolojia ya watu. Wasemaji hupokea neno wasiloelewa viungo vyake, halafu wanalikata na kulishona upya kwa maneno wanayoyajua. Usiwacheke, maana sisi ni mabingwa. Kiarabu kilituletea kitab, neno ambalo ki- yake ni sehemu ya mzizi. Sisi tukaisikia kama kiambishi chetu cha ngeli ya ki-vi, tukasema kitabu, vitabu. Tukafanya vivyo hivyo kwa kibao cha barabarani cha Kiingereza kilichowaambia madereva washike kushoto: leo mzunguko wa barabara ni kipilefti, na ikiwa miwili ni vipilefti. Hilo si kosa la kusahihishwa. Ndivyo lugha inavyomeng'enya chakula cha kigeni.

Nne, na kabla ya hapo walimwitaje?

Watu wa Norwei hawakusubiri Wajerumani ndipo wapate jina la popo. Ukienda Iceland, ambako lugha imebaki karibu zaidi na ile ya Waviking, popo ni leðurblaka: leður ni ngozi iliyotengenezwa, na blaka inatokana na kitenzi cha kupigapiga. "Mpigapiga wa ngozi." Jina hilo, leðrblaka, lilikuwepo katika lugha ya kale ya Kinorse. Na katika Nynorsk, mtindo wa pili wa kuandika Kinorwei uliojengwa juu ya lahaja za vijijini na Ivar Aasen katika karne ya 19, bado utapata neno skinnvengje: skinn ni ngozi, na vengje linahusiana na veng, bawa. Mwenye mabawa ya ngozi.

Soma tena majina hayo mawili. Panya hayumo. Waliotunga waliangalia bawa, wakasema walichokiona: si manyoya, ni ngozi.

Kuna na kichekesho kidogo cha historia. Neno la Kiingereza la leo, bat, wataalamu wengi hulihusisha na maneno ya Skandinavia ya zama za kati, kama natbakka la Kiswidi cha kale, ambapo nat ni usiku. Yaani watu wa kaskazini wanaonekana kuwapa Waingereza jina lao la popo, halafu wenyewe wakakopa jingine kutoka kwa Wajerumani.

Tano, je, popo ni panya?

Sasa tuache lugha tuingie maabara. Wazo la "panya arukaye" halikuwa la Wajerumani peke yao. Kirusi humwita letuchaya mysh, panya arukaye. Kihispania humwita murciélago, neno lililotokana na "panya kipofu" (na popo si vipofu, macho wanayo na wanaona). Watu wengi, mbali na mbali, walimwona mnyama mdogo mwenye manyoya laini na masikio yaliyosimama, wakafikia hitimisho lilelile.

Mwaka 1758, katika toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae, Mswidi Carl Linnaeus alipanga wanyama kwa makundi. Huyu bwana alizungumza lugha inayomwita popo fladdermus, lakini hakumweka na panya. Alimweka katika Primates, kundi moja na nyani na binadamu! Mwaka 1779 Mjerumani Johann Friedrich Blumenbach akawapa popo kundi lao wenyewe, Chiroptera, kutoka Kigiriki: cheir ni mkono, pteron ni bawa. Jina hilo ni sahihi kwelikweli. Ukitazama mifupa ya bawa la popo utaona kiganja chenye vidole virefu kupita kiasi, na ngozi imetandazwa katikati yake. Kwa maneno mengine, leðurblaka na skinnvengje walikuwa karibu na ukweli kuliko flaggermus.

Uchunguzi wa DNA umemaliza mjadala. Popo wako katika tawi kubwa la mamalia linalojumuisha farasi, ng'ombe, nyangumi, paka na mbwa. Panya wako tawi jingine. Na nani yuko pamoja na panya katika tawi hilo? Sungura, nyani, na wewe unayesoma. Ndiyo. Ukipima kwa mababu, panya wa jikoni ni ndugu yako wa karibu zaidi kuliko alivyo ndugu wa popo.

Wakati jina lilipotaka kuua watu

Wanasayansi wa Ujerumani waliliona tatizo hili mapema. Machi 1942, katikati ya vita, gazeti moja la Berlin lilichapisha habari fupi: chama cha Ujerumani cha wataalamu wa mamalia kimeazimia kubadilisha majina mawili yanayopotosha. Fledermaus iitwe Fleder tu. Na Spitzmaus, "panya mwenye ncha", yule mnyama mdogo wa pua ndefu ambaye Kiswahili humwita kirukanjia, aitwe Spitzer, kwa sababu naye si panya.

Hitler alisoma habari hiyo akakasirika. Kupitia kwa katibu wake Martin Bormann, alipeleka ujumbe kwamba majina hayo yarudishwe mara moja, na kama wataalamu hawana kazi ya maana zaidi inayohusu vita, watapelekwa kwenye vikosi vya ujenzi huko mstari wa mbele wa Urusi. Mpango ukafa palepale. Lakini ukweli ni kwamba hata bila vitisho ungekufa. Majina ya wanyama hayaishi kwenye maazimio ya mikutano. Yanaishi midomoni mwa watu, na hakuna bibi aliyekuwa tayari kuacha Fledermaus kwa sababu ya mpangilio wa meno.

Basi kuna ubaya gani?

Unaweza kusema: jina ni jina tu, wacha waite watakavyo. Kwa sehemu kubwa nakubali. Lakini jina hubeba matarajio, na hapa matarajio yanaweza kumdhuru mnyama.

Fikiria tunavyomchukulia panya. Tukiua watano leo, wiki ijayo wako kumi. Na kweli, panya mdogo wa nyumbani hubeba mimba kwa wiki tatu hivi, anazaa watoto kadhaa kwa mpigo, na anarudia mara nyingi kwa mwaka. Anaishi haraka na kufa haraka.

Popo hayuko hivyo hata kidogo. Popo wa Norwei wanakula wadudu, na majira ya baridi yanapofika, wadudu hakuna, wanajificha mapangoni, kwenye migodi ya zamani au mianya ya miamba na kulala usingizi mzito kwa miezi. Kiangazi jike huzaa mtoto mmoja, mara chache wawili. Mara moja kwa mwaka, basi. Nordflaggermus, "popo wa kaskazini", anaishi hadi ng'ambo ya Mzingo wa Aktiki, mahali ambapo kiangazi usiku wa giza karibu haupo.

Mfano unaoshangaza zaidi ni skogflaggermus, "popo wa msitu", Myotis brandtii kwa jina la kisayansi. Ana uzito wa gramu 7 hivi, mdogo kuliko panya wengi wa jikoni. Dume mmoja wa spishi hii aliwekwa pete huko Siberia, akaja kupatikana tena miaka 41 baadaye, akiwa hai. Miaka 41! Panya akibahatika hufika miwili au mitatu.

Sasa unaona hatari. Ukiharibu kundi la popo darini ukidhani ni "panya wenye mabawa", watazaliana tu, unafuta kazi ya miongo. Kundi hilo halirudi mwaka ujao, pengine halirudi kabisa. Ndiyo maana popo wote nchini Norwei wanalindwa kisheria, hawaruhusiwi kuuawa. Neno linasema mus, lakini sheria inasema si mus.

Zana za kubeba nyumbani

Ukikutana na neno la mnyama katika lugha yoyote, jiulize maswali matatu. Je, nikilikata, kuna kipande kinachobaki bila kazi? Ndugu zake katika lugha za jirani wanafananaje? Na je, hadithi ninayoiona ni nzuri mno kwa sababu tu ninayajua maneno yanayofanana nayo? Bendera ilishindwa mtihani huo wa kwanza tu.

Jaribu mwenyewe na hili: skilpadde. Padde ni chura. Skil ukilitafuta peke yake litakupotosha, kwa hiyo waulize jirani: Kijerumani cha Chini kilisema schildpadde, na schild ni ngao. Chura mwenye ngao ni nani? Ukishampata, jiulize tena lile swali la mwisho: je, kweli ni chura?